Jinsi nilivyotenganisha alama za wanafunzi wenye majina yanayofanana

Katika skuli yetu hapa Wete, ambako mwanafunzi huandikwa kwa jina lake, la baba na la babu, si ajabu darasa moja kuwa na watoto wawili ambao majina yao yote matatu yanafanana. Jedwali la Excel tulilotumia kuandaa ripoti lilitafuta alama kwa jina kupitia fomula ya VLOOKUP, na fomula hiyo, hata ikiagizwa kutafuta jina linalolingana kabisa, husimama kwenye mstari wa kwanza unaolingana; kwa hiyo mtoto wa pili alipewa alama za mwenzake. Kuongeza majina ya utani, kama alivyopendekeza mwalimu mmoja, kusingefaa kwenye karatasi inayokwenda kwa mzazi.

Nilihamia LibreOffice Base, programu ya bure ya hifadhidata inayofanya kazi bila ya intaneti, ingawa baadhi ya kazi zake huhitaji Java, programu saidizi, isakinishwe mapema. Nilitengeneza majedwali matatu: la wanafunzi, la masomo na la alama. Namba ya mwanafunzi katika daftari la uandikishaji ndiyo niliyoifanya ufunguo mkuu, yaani kitambulisho kisichoweza kujirudia, nikaihifadhi kama maandishi ili sifuri za mwanzo zisipotee. Jedwali la alama halina jina la mtu hata mmoja. Lina namba ya mwanafunzi, namba ya somo, muhula na alama, na kwa kuwa nimeyaunganisha majedwali hayo, programu hukataa namba yoyote isiyokuwamo katika orodha ya wanafunzi. Jina huonekana wakati wa kuchapisha ripoti tu.