Nilivyoacha kuuliza "Umeelewa?"

Katika semina moja ya watoa dawa, mkufunzi alitushauri tuchore jua na mwezi juu ya bahasha za vidonge ili wagonjwa wasiojua kusoma wazijue nyakati za kumeza. Nilinunua kalamu za rangi kwa elfu chache, na bahasha za zahanati yetu iliyo pembezoni mwa Moshi zikapendeza kuliko daftari la chekechea. Kisha ukaingia mwezi wa saba, mawingu yakaufunika mlima na sisi tulio chini yake, na bibi mmoja wa presha kutoka Kibosho akanieleza kwa utulivu kwamba dozi ya asubuhi huimeza jua likitoka, yaani kwenye saa saba mchana, na siku lisipotoka kabisa huiacha, kwa kuwa ndivyo nilivyomchorea. Nadhani yule mkufunzi alitoka Dar es Salaam.

Tuliambiwa pia tuseme polepole na kumalizia kwa "Umeelewa?", swali ambalo kwa adabu za kwetu lina jibu moja tu: "Ndiyo, daktari", ingawa mimi si daktari.

Siku hizi nikishamaliza maelezo husema, "Bibi, nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Mjukuu wako akikuuliza jioni dawa hizi ni za nini na unazimezaje, utamjibuje?" Anayepimwa hapo ni mimi, na palipopotoka narudia kwa maneno mengine.

Kwa dawa mseto ya malaria, hesabu ya saa simwachii mgonjwa. Mtu mzima akimeza vidonge 4 vya kwanza mbele yangu saa nne asubuhi, namwambia vinne vingine ni saa kumi na mbili jioni ileile, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata mpaka vyote 24 viishe, hata kama homa imeshuka, tena pamoja na maziwa au mtori wa nyama, kwa sababu mafuta huisaidia dawa kuingia mwilini.

Wa presha huwauliza, "Vikiisha utafanyaje?" Mzee mmoja alijibu kwamba atamshukuru Mungu kwa kumponya. Nilipomweleza kwamba vidonge vile huishusha presha bila kuiondoa, na kwamba presha inaweza kupanda bila yeye kuhisi chochote, alikasirika, akasema angeambiwa hivyo tangu kliniki ya kwanza asingekuwa anaviacha kila ajisikiapo nafuu.