Ratiba ya wizarani na maji ya Mafia

Kikundi chetu cha kupanda vilima Jumamosi kinajulikana hapa Dodoma kwa kelele kuliko kwa kasi. Mlimwa tumeuzoea, vilima vya Kondoa tumevitambaa, basi mwaka huu nesi wetu akasema twende tukatembee mahali ambapo kati ya njia moja na nyingine kuna bahari. Tukachagua Mafia, hasa visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo, vilivyo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini.

Kufika si kazi ya kusimulia: treni ya SGR hadi Dar, basi la Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, kisha kivuko hadi Kilindoni. Mwalimu alitapika njia nzima ya maji. Zabibu tulizobeba kama zawadi zilianza kuchacha kwenye ndoo.

Mwenzetu wa wizarani alikuja na ratiba iliyochapwa. Saa mbili chai, saa tatu Juani. Nahodha wetu, mzee wa Chole, aliisoma yote, akaikunja, akamrudishia kwa adabu. "Mwanangu, saa tatu maji yamekupwa. Tutakibeba chombo kichwani?"

Lilikuwa bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na kupwa sana, na ghuba ya Chole hubaki mchanga na majani. Kati ya Chole na Juani watu huvuka kwa miguu. Mimi ni mpima ardhi, riziki yangu ni mipaka isiyohama. Nilisimama pale ufukweni nikajiuliza bikoni ningeipiga wapi.

Tulitweka maji yalipojaa. Mashua haikuwa na mashine, na kusi, upepo wa kutoka kusini, ilikuwa bado inavuma. Kua, magofu ya mji wa kale tuliyoyafuata Juani, iko upande wa kusini, kwa hiyo ilibidi kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo: huku kidogo, kule kidogo, na kila tunapogeuka foromali, mti unaoshika tanga, inazungushwa mbele ya mlingoti, tanga linapiga kelele, nahodha anasema "Haya, inameni" bila kupaza sauti. Nesi alipewa dumu lililokatwa afue maji. Alifua mpaka Juani na hakuna aliyethubutu kumpokea, maana alikuwa amenogewa.

Matembezi ya Juani si marefu, ila yana meno. Mawe ya Mlimwa unaweza kuyakumbatia. Ya Juani ni matumbawe ya kale, makali, na soli ya kiatu cha mwalimu ilichanika kabla hatujafika kwenye magofu. Njia inapita mashamba, mihogo na minazi, halafu kichaka kinafunga, halafu ghafla kuna ukuta wa ghorofa. Hiyo ndiyo Kua. Kuna jumba la watawala, kuna misikiti, na mizizi imepita madirishani. Mji ulivamiwa na Wasakalava waliotoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, ukahamwa. Hakuna kibanda cha soda wala kamba ya kuzuia watu. Tulitembea tukinong'ona, sisi wa kelele. Tungekaa zaidi, lakini nahodha alikuwa ameshapiga mluzi. Maji yalianza kutoka, na chombo kikikwama kwenye mikoko utalala nacho.

Chole tulikuta mibuyu, tukaipigia makofi kama tumekutana na watani wetu stendi. Tulikuta popo wakubwa wamening'inia mchana kweupe, na kipande cha boma la Wajerumani, waliokaa hapo kabla ya kuhamia Kilindoni. Lakini mimi nilinasa kwa fundi wa vyombo. Alikuwa akitoboa ubao kwa keekee, upinde unakwenda na kurudi, unga wa mbao unamwagika vidoleni mwake. Hana mchoro. Nilimwuliza anapimaje. Akanionyesha jicho lake, kisha akaendelea kuchomeka pamba kwenye maungio. Nimelipia ada miaka kadhaa kujifunza kupima, nikanyamaza.

"Mmetoka bara?" aliuliza baadaye.

"Ndiyo, mzee. Dodoma."

"Kuna bahari huko?"

"Kuna bwawa la Mtera," akajibu wa wizarani, na fundi akatikisa kichwa kwa huruma.

Jibondo ni jiwe tupu, na kwa miaka mingi maji matamu yamekuwa yakivushwa kwa mashua. Hapo ndipo tulipoelewana na wenyeji haraka kuliko popote. Mama mmoja aliponisimulia foleni ya madumu nilimjibu kwa ya kwetu, tukashindana kulalamika mpaka pweza akaiva. Zabibu zilizosalimika waligawiwa watoto. Mmoja alimenya moja ganda lote kabla ya kuila.

Sasa tunabishana kuhusu mwakani. Mimi nataka turudi msimu wa kaskazi, papa potwe wakiwa karibu na Kilindoni. Nesi anataka mashua hiyohiyo na dumu lilelile. Mwalimu anasema Usambara, kwa sababu huko hakuna kivuko.