Tumbo linasumbua na vipimo havioni kitu: pa kuanzia kutafuta chanzo

Majibu yamerudi safi, dawa za asidi zimemezwa mwezi mzima, na tumbo bado linajaa, linauma, leo linaharisha kesho linafunga. Anayefika hapo huwa amechoka, na ana haki ya kuchoka. Ila mara nyingi chanzo hakijajificha kama anavyodhani. Kipimo kilichukuliwa wakati dawa zimeshakiharibu, au hakuna aliyemuuliza maumivu yako wapi hasa na huja saa ngapi. Kutafuta chanzo cha tumbo sugu kuna mpangilio wake, na mpangilio huo ukivurugwa mwanzoni hata kipimo kizuri kinadanganya.

Kwanza, dalili zisizosubiri. Damu kwenye choo, au choo cheusi kinachonata kama lami (vidonge vya madini ya chuma navyo hutia choo weusi, ila hakinati wala hakinuki vile). Kutapika damu. Chakula kukwama wakati wa kumeza. Uzito kupungua bila kukusudia: aliyekuwa na kilo 70 akijikuta na 66 ndani ya miezi sita, hilo si jambo la kupuuza. Homa isiyoisha, macho ya manjano, upungufu wa damu, kuamshwa usiku na maumivu au kuharisha. Ongeza hapo tumbo lililoanza kusumbua kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, na mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa damu aliugua saratani ya utumbo. Mwenye lolote kati ya hayo asianze kujaribu vyakula nyumbani, aende kwa daktari. Mwanamke aliyepita miaka 50 ambaye tumbo limeanza kujaa karibu kila siku aombe ovari ziangaliwe, maana saratani ya ovari hujifanya gesi. Na maumivu makali ya ghafla yenye tumbo gumu kama ubao ni ya hospitali saa hiyo hiyo.

Kama hakuna hata moja, chukua daftari kwa wiki mbili. Watu wengi huandika chakula tu, na hapo ndipo daftari linapokosa faida. Kinachosema kweli ni saa. Mstari mmoja mzuri unaonekana hivi:

Jumanne. Saa 1 asubuhi, maziwa glasi moja na mkate. Saa 2:30 gesi na kunguruma chini ya kitovu, maumivu 5 kati ya 10. Saa 3 choo laini kilichomomonyoka, maumivu yakashuka hadi 2. Dawa: hakuna. Usiku nililala saa 5.

Mistari kumi na minne ya namna hiyo humwambia daktari mengi kuliko maneno “tumbo linanisumbua sana”. Gesi na kuharisha kati ya nusu saa na saa mbili baada ya maziwa huelekeza kwenye laktosi, sukari ya maziwa. Maumivu ya chembe ya moyo yanayokuja na njaa au usiku wa manane, kisha yakatulia ukila, yananukia kidonda cha mwanzo wa utumbo mdogo. Maumivu ya chini ya mbavu za kulia baada ya mlo wenye mafuta mengi, yanayopanda na kukaa nusu saa hadi saa kadhaa, wakati mwingine yakifika begani, ni ya mawe kwenye mfuko wa nyongo hadi altrasaundi ikane. Kwa mwanamke, andika pia siku za hedhi, kwa sababu maumivu yanayofuata mzunguko yanaweza kutoka kwenye viungo vya uzazi na si tumboni.

Choo nacho kieleze kwa umbo, si kwa neno “kibaya”. Ipo chati ya Bristol yenye aina 7: aina ya 1 ni vigololi vigumu, ya 4 ni choo laini kisichokatika, ya 7 ni maji matupu. Wapo wanaoripoti kuharisha kumbe wamefunga choo: kinyesi kigumu kimekaa nyuma na majimaji yanapenya pembeni yake. Huyo akipewa dawa ya kuzuia kuharisha anazidishiwa tatizo.

Kuna jaribio moja lisilohitaji maabara, na linasahaulika mno. Lala chali, gusa kwa ncha ya kidole mahali panapouma zaidi, bonyeza kiasi. Bila kuondoa kidole, nyanyua kichwa na mabega mpaka misuli ya tumbo ikaze. Maumivu yakipungua, chanzo kina uwezekano mkubwa wa kuwa ndani, maana misuli sasa inakinga. Yakibaki vilevile au kuzidi, shuku ukuta wa tumbo wenyewe: neva iliyobanwa, kovu la upasuaji, ngiri ndogo. Daktari wa upasuaji wa Marekani, John Carnett, alilieleza mwaka 1926. Mtu anaweza kupitishiwa kamera juu na chini kwa sababu ya neva iliyobanwa ndani ya msuli, na kamera haitaiona kamwe. Ukiona hivyo, mwonyeshe daktari kwa kidole kilekile.

Kabla ya kulaumu tumbo, lipekue kabati la dawa. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huchubua tumbo hata zikinywewa na chakula, na anayezitumia kwa ajili ya mgongo au kichwa mara nyingi hamtajii daktari wa tumbo. Metformini ya kisukari huharisha. Magnesi huharisha, na madini ya chuma hufunga choo. Antibiotiki zinaweza kuacha utumbo umevurugika kwa wiki kadhaa. Bazoka na pipi zisizo na sukari zina sorbitoli, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, na sorbitoli ikizidi ni dawa ya kuharisha.

Sasa vipimo. Nitakaa zaidi kwenye H. pylori, bakteria wa tumboni anayeleta vidonda, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walimtambua bakteria huyu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kupata Tuzo ya Nobeli mwaka 2005. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na bakteria, na kingamwili hubaki mwilini miezi au hata miaka baada ya bakteria kufa. Kwa hiyo mtu aliyekwisha kupona anapimwa damu, anaambiwa “unaye”, anarudia dozi, anapimwa tena, bado “unaye”. Omba kipimo cha pumzi au cha antijeni (chembe za bakteria mwenyewe) kwenye choo, vinavyoonyesha bakteria aliye hai sasa. Lakini navyo vina masharti: omeprazoli na ndugu zake, dawa za kuzuia asidi, ziachwe wiki 2 kabla, antibiotiki na bismuthi wiki 4 kabla. Usipofanya hivyo bakteria hupungua bila kuisha, kipimo kinasema hayupo, na wewe unaondolewa kwenye njia sahihi. Ukiacha omeprazoli, kiungulia huweza kurudi kwa nguvu siku za kwanza, kwa kuwa tumbo linafidia asidi iliyozuiwa. Si lazima iwe ugonjwa umezidi. Dawa za kutafuna za kupoza asidi husaidia kipindi hicho, ila si siku ya kipimo. Aliyewahi kutoka damu tumboni au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiache omeprazoli bila ruhusa ya daktari.

Bakteria akipatikana, dozi kwa kawaida ni siku 14, na kuruka vidonge ni njia ya uhakika ya kumwacha bakteria sugu. Kipimo cha kuthibitisha kufanyike walau wiki 4 baada ya kumaliza antibiotiki. Hatua hii huachwa kwa sababu mtu amepata nafuu, na nafuu si uthibitisho.

Kipimo cha choo cha kutafuta vimelea kina shida nyingine. Giardia, mojawapo ya vimelea hivyo, haitoki kila siku, hivyo sampuli moja isiyo na kitu haimaanishi haipo. Peleka tatu za siku tofauti. Choo cha maji kifike maabara ndani ya nusu saa hivi, maana amiba hai hufa na kupoteza umbo. Na amiba inayoonekana kwa darubini inaweza kuwa ile isiyodhuru, kwani hizo mbili hufanana kabisa. Kipimo cha antijeni ndicho huzitenganisha.

Ugonjwa wa seliaki, ambapo gluteni ya ngano na shayiri huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, hupimwa kwa kingamwili za tTG-IgA pamoja na jumla ya IgA, aina hiyo ya kingamwili kwa ujumla wake. Sharti lake ni kinyume cha watu wanavyodhani: uwe unakula ngano. Aliyeiacha kwa kushuku atapimwa na kuonekana mzima. Inabidi airudie kila siku kwa takriban wiki 6, zaidi ya mlo mmoja kwa siku, ndipo apimwe.

Kalprotektini, protini inayopimwa kwenye choo, huonyesha kama utumbo una uvimbe. Chini ya mikrogramu 50 kwa gramu, ugonjwa wa Crohn na wenzake, yaani magonjwa ya uvimbe wa kudumu wa utumbo, hauna nafasi kubwa. Ikiwa mia kadhaa, kamera inahitajika, ila kwanza hakikisha hukuwa ukinywa ibuprofeni, kwa sababu nayo huipandisha. Picha kamili ya damu, sukari, ini na tezi ya shingoni vipimwe pia, havichukui muda. Vile vipimo vya IgG, aina nyingine ya kingamwili, vinavyotoa orodha ndefu ya “vyakula vinavyokukataa” viepuke. Vinaonyesha ulichowahi kula, basi, na vimewafanya watu wajinyime chakula bure.

Vikiisha vyote na hakuna kitu, bado lipo jina. Jina hilo ni IBS, tatizo la utumbo unaosumbuka bila kidonda wala uvimbe. Kwa vigezo vya madaktari vya mwaka 2016 (Rome IV), ni maumivu ya tumbo walau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, tatizo lenyewe likiwa limeanza miezi 6 nyuma au zaidi, na maumivu yakihusiana na kwenda choo, na idadi ya safari za choo, au na umbo la choo, mawili kati ya hayo matatu. Mgonjwa hajibunii. Neva za utumbo wake husikia zaidi ya kawaida, na hilo linatibika.

Hapo ndipo majaribio ya chakula yana maana. Anza na laktosi: acha maziwa wiki 2, kisha nusu glasi siku ya kwanza, glasi nzima ya pili, glasi moja na nusu ya tatu. Wengi wasiomeng’enya laktosi huvumilia glasi moja ikinywewa na chakula, kwa hiyo tafuta kiwango chako, usitafute marufuku. Lisipokuwa hilo, upo mlo wa kupunguza FODMAP, yaani sukari zinazochachuka utumboni, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Monash, Australia: ngano, vitunguu maji na saumu, maharage, asali na baadhi ya matunda hupunguzwa kwa wiki 2 hadi 6, kisha hurudishwa kundi moja moja, siku 3 kila kundi, ukipumzika siku mbili tatu katikati. Kosa kubwa ni kutorudisha. Kosa la pili ni kubadili chakula, dawa na muda wa kulala katika wiki moja, kisha kushindwa kujua kilichosaidia.

Kila karatasi ya majibu uliyonayo iandike juu yake, kwa mkono, tarehe na dawa ulizokuwa ukitumia wiki nne kabla ya kipimo hicho. Kama hukumbuki, iandike hivyo hivyo, kisha mwulize daktari kama kipimo hicho kirudiwe.