Gari nyeusi na ile klia nyembamba ya juu

Hakuna rangi ya gari inanipendeza kama nyeusi, na hakuna rangi inayoonewa Nairobi kama hiyo hiyo nyeusi. Jioni kwa kivuli inang'aa hadi unaweza chana nywele ukijiangalia kwa mlango. Ngoja sasa saa sita mchana jua likae utosini, utaona utando wa buibui umezunguka pale jua linapogonga boneti, ukisogea hatua moja nao unasogea na wewe. Wengi wakiona hivyo wanasema rangi imeisha, gari inataka kupigwa rangi upya. Haijaisha. Naandika hii kitu kwa urefu juu naona watu wakiharibu rangi nzuri sana ya kiwandani wakidhani wanaitengeneza, na hiyo rangi ikishatoka hairudi.

Ile mistari kwanza haijazunguka kweli. Ni mikwaruzo midogo midogo imeenda kila upande, ila mwanga unaakisiwa tu na ile iliyoukingama, ndio jicho linaona duara. Na kwa gari nyingi haijafika kwa rangi, imebaki kwa klia, ule utando wa juu usio na rangi unaoonyesha. Gari za siku hizi ziko hivi: bati, praima, rangi, halafu klia juu yake. Zote pamoja zikitoka kiwandani huwa kama maikroni 100 hadi 150, na hapo klia peke yake ni kama 35 hadi 50. Unywele wako mmoja ni kama 70. Hebu fikiria, kinachoipa gari huo mng'ao wote ni chembamba kuliko unywele, na kila ukipiga kompaundi, ile dawa ya kusugua rangi, unakula hapo hapo, huongezi kitu. Hiyo klia ni akiba, ichukue hivyo. Jirani yako wa gari nyeupe naye ana mikwaruzo hiyo hiyo, sema tu kwa nyeupe haionekani.

Inatoka wapi? Kuosha. Karibu yote ni kuosha na kupanguza. Ile ya asubuhi kwa ploti, soja ama kijana wa kuosha magari ana ndoo moja, kitambaa kimoja kilichokuwa tishati, na magari ya wapangaji wote, anaanza na rimu za mtu akimaliza anakuja kwa boneti yako na maji yale yale. Simlaumu, anatafuta riziki na hakuna mtu amewahi kumnunulia kitambaa kingine. Halafu ile ya kupangusa vumbi kavu, gari imetoka barabara ya maramu huko Ruai ama Kitengela, vumbi jekundu limelala juu, mtu anachukua kitambaa kikavu anafuta ndio ionekane safi akiingia tao. Vumbi ni mchanga na mawe yaliyosagika, hapo ni kama, wacha tu niseme, ni msasa. Hiyo moja inaumiza gari nyeusi kuliko kuiacha chafu wiki nzima.

Sasa unaipeleka ing'arishwe. Kuna mahali utaletewa gari baada ya saa moja, inameta, mikwaruzo yote imepotea, unalipa ukifurahi. Ukiosha mara mbili tatu imerudi yote. Hawakuiondoa, waliijaza mafuta ya kufichia. Kwa hivyo kabla ya kulipa omba boss wa hapo apanguze kipande kidogo na spirit iliyochanganywa na maji, halafu muangalie pamoja na tochi ya simu, au bora zaidi itoeni juani. Mafuta yatatoka, na kama kazi ilifanywa kweli pale patabaki safi. Fundi mzuri hakasiriki ukimuomba hivyo, wengine wanafanya wenyewe kabla hujasema.

Kinyume chake ndio kinanitisha zaidi: yule wa mashine ya kuzunguka tu, ile nzito ya kasi, na pedi ya manyoya na kompaundi kali, anakandamiza kona ya mlango hadi inapata moto. Kwa kona na kwa ile mistari ya bodi ndio klia huwa nyembamba zaidi, anaweza itoboa kwa sekunde, na mashine hiyo ikishikwa vibaya inaacha mawimbi yake yenyewe, juani unaona vivuli vinaogelea kwa rangi. Kama wewe si mzoefu tafuta ile mashine inayozunguka huku ikitikisika, inachelewa lakini inasamehe. Muulize pia kama ana kipimo cha unene wa rangi. Kikisoma 120 paneli yote mko sawa. Kikisoma 300 mahali, hapo palishapigwa rangi au kuna fila, ile ya kujazia mabonde, chini, na gari nyingi tunazonunua zimetoka Japan zikiwa zimeshatumika miaka, huwezi jua zilipitia nini. Kikisoma 70 ama 80 kwa rangi ya kiwandani, acha hapo, osha tu upake nta. Bampa ni plastiki, vipimo vya kawaida havisomi hapo, kwa hivyo bampa ni pole pole.

Mwenyewe naamini katika kuanza na kilicho laini kabisa. Osha, toa lami na mafuta ya taa kidogo halafu uoshe tena, pitisha ule udongo maalum wa kusafishia rangi mpaka kiganja kiteleze bila kukwama, halafu jaribu kipande kimoja cha ukubwa wa karatasi mbili hivi na pedi laini ya sponji na polishi ya mwisho. Ikitoa mikwaruzo mingi, basi, hiyo ndio ya gari nzima, hata kama umebakisha michache. Isipotoa ndio upande kwa kompaundi. Pitisha ukucha kwa mkwaruzo: ukucha ukikwama, huo ni wa ndani, ukiufukuza hadi uishe utamaliza klia ya paneli nzima kwa sababu ya mstari mmoja. Uache. Ukilainisha kingo zake tu hautauona ukiwa umesimama.

Kitu kingine, kuna nyeusi zisizo na klia kabisa. Toyota za zamani za rangi namba 202 nyingi ziko hivyo, rangi yenyewe ndio ya juu. Utajua ukipiga polishi na kitambaa cheupe kikatoka na weusi. Usiogope ukiona hivyo, si kwamba umeharibu, ila ujue sasa unakula rangi yenyewe.

Tukuje kwa vidonda vya mawe. Ukiendesha Mombasa Road nyuma ya lori la kokoto, ama Thika Road kwa kasi, utavipata kwa ncha ya boneti, bampa na chini ya vioo vya pembeni. Hivi vishughulikie kwanza, kabla ya polishi na kabla ya nta, kwa sababu mbili. Nta hairuhusu rangi ishike. Na kompaundi ikiingia kwa kashimo inakauka nyeupe, unabaki na gari nyeusi ya vidoti vyeupe, kuvitoa ni kazi ya kijiti na uvumilivu.

Tafuta namba ya rangi kwenye kibati cha gari, kiko ndani ya boneti au kwa nguzo ya mlango. Usiende kuomba "nyeusi" tu. Nyeusi ya Toyota 202 si nyeusi ya Nissan KH3, na nyeusi ya Honda NH731P ina chembe za kumeta kama lulu ndani, ukiweka moja kwa nyingine kidoti kitaonekana kuliko kile kidonda. Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, kuna maduka ya kuchanganya rangi, wanapima kwa mizani na wanaweza kukupatia kiasi kidogo tu. Mwambie fundi, "Mkubwa, nataka ya kugusia tu, na praima kidogo, na thina," ataelewa. Apake kwa kadi ikauke kwanza ndio muilinganishe na gari, usilinganishe ikiwa mbichi.

Halafu nyumbani: osha, panguza na spirit, angalia ndani ya kidonda. Ukiona kutu, ikwangue kwa ncha ya msasa mpaka bati ling'ae, paka dawa ya kutu kama iko, halafu praima. Kutu ikifunikwa inaendelea kula chini kwa chini na msimu wa mvua ukifika utaiona imeinua rangi. Baadhi ya Subaru zina boneti ya aluminiamu, hizo hazipati kutu nyekundu, bado zinataka praima. Rangi nayo weka na kijiti cha meno ama brashi nyembamba ya wachoraji, ile brashi ya kwa kifuniko ni nene mno. Tone dogo katikati, liache lijisambaze lenyewe. Thina ikiruka rangi inanywea na kashimo kanarudi, kwa hivyo unaongeza tabaka jembamba lingine, na lingine, kesho na kesho kutwa, mpaka ipite usawa kidogo sana. Klia mwisho. Kama ni klia ya kuchanganya na hadena, ile ya kuigandisha, vaa maski ya maana na ukae nje, ule mvuke si mzuri kwa mapafu.

Kusawazisha kwa msasa wa 2000 halafu 3000 na maji ya sabuni, ukilenga tone peke yake, inawezekana, ila kwa kweli kama mkono wako hautulii kaache kalivyo. Kidoti cheusi kilichoinuka kidogo mtu hataona akiwa amesimama mbele ya gari. Klia iliyotobolewa kukizunguka ataiona kutoka ng'ambo ya barabara. Hapo usipake nta mpaka karibu mwezi uishe.

Baada ya hayo yote kinachobaki ni kuosha, na maji yetu ni ya mgao, najua. Ndoo mbili zinatosha kama unasuuza mkono wa mikrofaiba, ile glavu laini ya kuoshea, kwa moja kabla ya kuuchovya kwa ile ya sabuni, ukianza juu kwenda chini, rimu mwisho na kitambaa chake. Maji ya boholi yasikaukie juani, yanaacha alama za chumvi. Soja wangu nilimnunulia mkono wake wa kuoshea wa gari yangu peke yake na tukaelewana, siku yenye hana maji ya kutosha ya kumwagia vumbi kwanza, asiiguse. Na ukibaki na pesa, usiipeleke kwa mng'arisho mwingine, weka ile filamu ya plastiki inayoonyesha kwa ncha ya boneti na bampa. Nta haizuii jiwe, hata ile koti ya seramiki ya kupaka haizuii. Filamu inazuia mengi.