Spectres wa Nunawading, na hadithi inayokatwa katikati

Ukimuuliza mtu mzima aliyekulia mashariki mwa Melbourne habari za Spectres, atakurusha moja kwa moja hadi 1991: fainali ya ligi kuu ya kikapu ya Australia, mechi tatu dhidi ya Perth Wildcats, wakashinda moja na kupoteza mbili. Jumamosi, kwenye mechi ya binti yangu, nilipangwa zamu ya mezani na mzee mmoja, yeye akiwa na saa, mimi na tableti ya pointi. Alinisimulia fainali ile kama msiba wa ukoo. Mwaka uliofuata, akasema, hata timu yenyewe haikuwepo.

Ni kweli. Nunawading ni kitongoji tu, lakini kilikuwa na timu yake ligi ya wanaume ilipoanza 1979, na 1981 ilifika fainali ikafungwa na Launceston. Ligi ikakua, ikataka fedha, na jina la kitongoji likaonekana dogo. Mwaka 1987 wakaitwa Eastside Spectres. Mwaka 1992 wakaunganishwa na Southern Melbourne Saints, wakazaliwa South East Melbourne Magic, kocha akiwa yuleyule wa Spectres, Brian Goorjian. Magic wakabeba ubingwa msimu wao wa kwanza, wakaubeba tena 1996. Mwaka 1998 ndoa nyingine, safari hii na North Melbourne Giants: Victoria Titans. Halafu jina likawa Victoria Giants. Ilipofika 2004, hakukuwa na cha kuunganisha tena.

Nilikuwa nangoja mzee afike kwa kina dada. Hakufika, nikamuuliza.

"Ah, hao? Walikuwa wanashinda tu."

Tu! Kuanzia 1983 hadi 1989, wanawake wa Nunawading walitwaa ubingwa wa Australia mara sita. Mwaka 1985 peke yake ndio uliowaponyoka, wakachukua Coburg. Kocha wao, Tom Maher, ndiye aliyekuja kuiongoza timu ya taifa ya wanawake kupata shaba ya Olimpiki ya Atlanta 1996, kisha fedha pale Sydney 2000. Michele Timms aliichezea klabu hii kabla ya kuwa Mwaustralia wa kwanza kucheza WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani, mwaka 1997. Kwa hesabu yangu hii ndiyo historia ya klabu. Ile ya wanaume ni historia ya majina kubadilishwa. Mzee alicheka, hakubisha, ila sidhani nilimshawishi.

Timu ya ligi kuu ilipohamishwa, watoto hawakuhamishwa nayo. Chama cha kitongoji kiliendelea kupanga mechi zao, na timu za wakubwa zikaendelea na jina lile la zamani, Nunawading. Sasa zinacheza NBL1, iliyoanza 2019. Hiyo ni ligi ya nusu kulipwa: mchana watu wako kazini kwao, jioni mazoezini. Sioni aibu yoyote hapo, ingawa wapo wanaoitaja kana kwamba klabu imeshuka cheo.

Katikati ya ubishi wetu nilichelewa kuingiza vikapu viwili na kocha wa upande wa pili akanipigia kelele, ana haki yake. Binti yangu, ambaye Timms hamjui kabisa, alikuwa ametoa pasi ya kifua, ikaibwa, naye anarudi mbio kukaba huku anamlaumu mwenzake.