AA haina bili, na imigresheni haipo pale

Ile sauti iliyorekodiwa imenifikia mara ya tatu wiki hii, safari hii kupitia grupu la michango ya mazishi. Ati ukienda AA (Alcoholics Anonymous, mikutano ya watu wanaosaidiana kuacha pombe) hapa Marekani, jina lako linapelekwa imigresheni. Ati ni kanisa lililojificha. Ati mwisho wa mwezi bili inakufuata nyumbani. Na wanaosambaza ni watu wazima, wengine manesi.

Tuanze na bili, maana ndiyo inayotuuma. Haipo. Rehab ya kulala ndani, bila bima, itakumaliza, na kule kwetu mnajua ni mashamba mangapi yameuzwa kwa sababu hiyo. AA, ambayo ilianzia Akron, Ohio, mwaka 1935, haina kiingilio wala ada. Kapu linapitishwa, wengi wanatia dola moja au mbili za kodi ya ukumbi na kahawa. Mgeni hudaiwi kitu, lipitishe tu.

Jina je? Unajitaja jina la kwanza, basi. Sharti la uanachama ni moja, kutaka kuacha pombe. Kinachoweza kukuharibia ombi la uraia ni kukutwa na hatia ya kuendesha gari umelewa, hasa zikifika mbili ndani ya miaka ambayo imigresheni huichunguza. Hapo tafuta wakili. Ogopa ufunguo wa gari, usiogope kiti cha AA.

Kabla ya mkutano kuna jambo moja la hatari. Anayekunywa kutwa, kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka hadi apate ya kwanza, asiache ghafla peke yake chumbani. Degedege inaweza kumpata ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo. Watu hufa hivyo. Aende hospitali aseme ukweli kuhusu kiasi anachokunywa. Akianza degedege, piga 911. Mkutano si tiba ya hilo.

Kuupata, pakua Meeting Guide, programu ya bure ya AA yenyewe. Chagua siku na saa. Wa shifti ya usiku watapata ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi na ya saa sita mchana. Ukiona “Open”, yeyote anaingia, hata mkeo akikusindikiza. “Closed” ni kwa mwenye shida ya pombe peke yake. Ratiba nyingine zimepitwa na wakati, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya ofisi ya AA ya eneo lako.

Kinachowarudisha wengi nyumbani ni mlango. Mikutano mingi hukodi chumba cha chini cha kanisa, na mlango mkubwa wa mbele unakuwa umefungwa. Zunguka upande wa maegesho, tafuta taa inayowaka na watu wawili watatu wanaovuta sigara. Fika robo saa mapema.

Ndani ni viti vya kukunja, birika kubwa la kahawa, na ukutani Hatua 12, mwongozo wa AA wa kuacha pombe. Mkutano ni kama saa moja. Zamu ikikufikia na huna la kusema, sema “I'll pass”, inatosha. Mwenzako akizungumza hakatizwi wala hashauriwi. Sisi tuliolelewa barazani tunakosea hapo hapo. Mtu hajamaliza, tumeshaanza nasaha. Wanaotimiza saa 24, siku 30 na kuendelea hupewa kisarafu cha kuweka mfukoni. Mwishoni watu husimama, pengine wakashikana mikono, wakasema sala fupi. Muislamu simama kimya, hakuna atakayekuuliza. Asiyetaka habari za Mungu kabisa kuna SMART Recovery, isiyotumia hatua 12.

Wataanza kukuambia utafute sponsa. Jamani, si yule wa Nairobi, mzee anayewalipia wasichana! Ni mtu aliyekaa bila pombe muda mrefu, unayempigia kabla ya kufungua chupa, na kwa desturi mwanamume humchukua mwanamume, mwanamke mwanamke.

Uliyetumwa na mahakama, mpe mwendeshaji karatasi yako ya mahudhurio kabla ya mkutano kuanza. Vikundi vingine havisaini, kwa hiyo uliza kwanza. Mikutano ya mtandaoni pia si kila afisa wa mahakama anaikubali.

Na wewe unayejipanga kuja, jua kwamba saa moja ya zamu hapa inanunua chupa nzima ya vodka. Piga hesabu ya kwenu. Ongeza baridi, giza la saa kumi na moja jioni, na chumba chenye kitanda kimoja. Waliokuwa wakinywa harusini tu huko wameanza kunywa peke yao huku.

Hofu ya kumkuta Mkenya mwenzako pale? Akikuona, nawe umemwona. Ukishindwa kabisa, nenda mji wa jirani, au ingia wa Zoom ukiwa umezima kamera. Ila badilisha jina kwenye skrini kabla hujabonyeza kuingia, maana akaunti ya kazini itakuanika na majina yako yote matatu.