Batani ambayo haikuwa batani

Kuna siku nilikaa pembeni ya rafiki yangu asiyeona wakati anajaza fomu kwenye saiti niliyoitengeneza mimi mwenyewe, na bado naikumbuka siku ile kila nikifungua kompyuta kuandika kodi (code, yale maelekezo yanayojenga saiti).

Yeye anatumia NVDA, ile programu ya bure inayomsomea kwa sauti vilivyopo kwenye skrini, ipo tangu 2006, na mausi haigusi kabisa, kazi yote ni kibodi. Akabonyeza Tab, kitufe cha kuhamia sehemu inayofuata, sauti ikasema kisanduku cha kuandikia. Cha kuandikia nini? Kimya. Tab tena, kisanduku cha kuandikia. Mimi nilikuwa nimeandika "jina kamili" na "namba ya simu" juu ya kila kisanduku, anayeona anaelewa mara moja, ila kwenye kodi sikuyaunganisha na visanduku kwa alama inayoitwa label, kwa hiyo kompyuta haikujua kipi ni cha nini. Akabahatisha hivyohivyo mpaka mwisho.

Sasa kutuma. Tab, Tab, Tab, kafika chini ya ukurasa, batani hakuna. Na mimi naiona pale, kubwa, ya bluu! Shida ni kwamba niliijenga kwa div, yaani boksi tupu lisilo na kazi yoyote, nikaipaka rangi ifanane na batani, na div ya kawaida Tab inairuka tu, hata Enter haiisikii. Nikanyoosha mkono nimbonyezee, akanizuia, akasema "acha, kesho ntakuwa peke yangu". Iliniuma sana.

Kuirekebisha haikuchukua hata dakika tano, nilifuta div nikaweka button halisi, ambayo inakuja na kila kitu chake, Tab inaifikia, Enter inaibonyeza, na sauti inaitaja jina. Ndo maana nawaambia wenzangu tuanze na HTML yenyewe, lugha inayojenga ukurasa, kabla ya mambo ya urembo, na tafadhali ule mstari unaozunguka kitu ukifika kwa Tab msiufute eti unaharibu muonekano, kwa mtu anayeona lakini mikono yake haiwezi mausi ule mstari ndo unamwonyesha yuko wapi.

Miongozo ipo siku nyingi, W3C, shirika la viwango vya wavuti, walitoa WCAG ya kwanza, miongozo ya kufanya saiti zitumike na watu wenye ulemavu, mwaka 1999 na toleo la 2.2 likatoka Oktoba 2023. Humo utakuta mpaka hesabu za rangi, kwamba maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake vitofautiane kwa mwangaza angalau 4.5 kwa 1, kwa hiyo yale maandishi ya kijivu juu ya nyeupe tunayoyapenda mengi yanafeli. Picha iwe na maelezo yanayosema kilichomo, sio neno "picha", na kama ni pambo tu acha alt, ile sehemu ya kodi inayobeba maelezo ya picha, iwe tupu ili sauti ipite. Video iwe na maandishi kwa viziwi. Na hizi programu za kubandika zinazoahidi kwamba mstari mmoja wa kodi utamaliza kila kitu mimi siziamini, haziwezi kujua fomu yako inamuuliza mtu nini.

WHO wanasema watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani 1 kati ya 6, halafu bado mtu anakwambia hao watumiaji ni wachache.

Basi rafiki yangu akarudi kujaribu, safari hii batani akaipata, akabonyeza Enter, na kwenye skrini ikatokea "fomu imepokelewa" ila sauti haikusema kitu, akabaki anasubiri asijue imeenda au haijaenda. Ujumbe ukijitokeza katikati ya ukurasa ni lazima kodi iitaarifu programu inayosoma, hapo nilitakiwa kuandaa sehemu yenye role ya status, alama inayofanya ujumbe mpya usomwe, na ujumbe uingie humo. Nikaiweka. Akajaza mara ya tatu, ikasema imepokelewa, akafunga laptop akaanza kunisimulia mambo mengine kabisa.